Alipiga Hodi, Hakuaga

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeigawa riziki ya kila mja na kuiweka mahali ambapo ni lazima mtu atoke nyumbani kwenda kuifuata. Kwake tumetoka na kwake tutarejea, na katikati ya safari hizo mbili ametupa watu wa kututembelea. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha mpaka namna ya kusimama mlangoni kwa mtu.

Baada ya hayo, nataka kueleza habari za mtu ambaye hakuwa shehe, wala padri, wala mkubwa wa serikali. Alikuwa kocha wa timu ya mji wetu hapa Mtwara. Jina lake sitalitaja, maana hata sisi tulikuwa hatulitumii. Tulimwita Kocha. Wamekuja makocha wengine baada yake, lakini hapa kwetu Magomeni mtu akisema "Kocha" peke yake, hakuna anayeuliza ni yupi.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na kwa umri wangu huu watu hushangaa wakiniona uwanjani. Nawajibu kwamba Mungu hakuchukia furaha, amechukia kupitiliza. Tangu ujana wangu nakaa jukwaa la saruji upande wa kivuli cha alasiri, pamoja na wazee wenzangu. Hapo ndipo Kocha alipotukuta.

Siku ya mechi yake ya kwanza, timu zilikwisha kupasha misuli, tukamwona mtu mfupi wa bara, kapelo mkononi, anaukata uwanja kuja upande wetu. Alifika kwenye mstari wa pembeni akasimama bila kuukanyaga.

"Hodi, wazee!"

Tukatazamana. Karibu yangu alikuwa ameketi Chande, mkulima wa Mahurunga, kule bondeni mwa Ruvuma. Chande alikuwa hakosi mechi, na ulimi wake ulikuwa haukosi neno.

"Hodi ya wapi?" akasema. "Wewe si uko ndani tayari?"

"Niko ndani ya uwanja, mzee wangu," Kocha akajibu. "Ndani ya mji bado sijakaribishwa."

Jukwaa zima likacheka, likaitikia: "Karibu!"

"Shikamooni. Naomba ruhusa timu icheze."

"Marahaba. Ruhusa unayo."

Akaivaa kapelo yake, akarudi kwenye benchi. Tangu hapo ikawa desturi. Hakuna mechi ya nyumbani aliyoianza bila kuja kusimama kwenye mstari ule. Tulipofungwa mfululizo na vijana wakawa wanamzomea tangu anaposhuka kwenye basi, alikuja. Siku aliyokuwa na malaria alikuja amejifunga koti zito katika joto la Mtwara, sauti imekauka, hodi yake tukaiona kwenye midomo kuliko kuisikia. Tukaitikia kwa nguvu zaidi ili kumsaidia.

Alikuwa mgumu wa kusifu. Mchezaji akifunga bao la kuwatoa watu machozi, Kocha alisema, "Sawa." Akifunga mawili, alisema, "Sawa, sasa rudi ukabe." Lakini wachezaji walimpenda, na nadhani ni kwa sababu ya namna alivyowaita. Hakumwita mtu kwa jina lake. Alimwita kwa jina la alikotoka. Ungemsikia amesimama, mikono nyuma: "Mikindani, panda! Madimba, mtu huyo wako! Mahurunga, Mahurunga, usilale!" Mgeni angedhani anasoma hali ya hewa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafanya hivyo. Akaniambia, "Maalim, nikimwita kwa jina lake akikosea ataona haya peke yake. Nikimwita kwa kijiji chake, wanaona haya mama zake wote." Akatabasamu kidogo. "Na akipatia, wanafurahi wote."

Basi vijiji vikaja uwanjani. Watu wa Madimba waliokuwa zamu kwenye mitambo ya gesi walifika na nguo zao za kazi, hawakuwahi kubadili. Watu wa Mikindani walikuja na ngoma. Na Chande, ambaye kijana wake alikuwa beki wa kushoto, kila aliposikia "Mahurunga!" alisimama yeye, kama ni yeye aliyeitwa. Tulimvuta kanzu akae, akasema, "Niacheni, naitwa."

Kocha alikuwa Mkristo, na Jumapili asubuhi aliimba kwaya. Sauti yake ya chini ilikuwa nzuri, wanaokaa jirani na kanisa lake wameniambia. Lakini mwezi wa Ramadhani ulipoingia alisogeza mazoezi yakawa karibu na magharibi, na katika mechi za mchana hatukumwona hata mara moja akinywa maji pale benchini. Chupa ilikuwa karibu ya mguu wake, imefungwa. Mchezaji mmoja alimwambia, "Kocha, wewe kunywa tu, hatukasiriki." Akajibu, "Ninyi hamkasiriki, koo langu ndilo litakalojisikia vibaya." Mimi nimefundisha watoto maana ya adabu kwa miaka mingi, na sijapata mfano mfupi kuliko ule.

Msomaji asidhani namchora malaika. Alikuwa na ukaidi, na alikuwa na mambo ya kuchekesha ambayo yeye mwenyewe aliyaona ya kawaida. Kwa mfano, hakuna asiyejua kwamba timu nyingi huogopa kuingia uwanjani kwa lango kubwa, kwa kuhofia uchawi uliofukiwa pale na wapinzani. Wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanajiita kamati ya ufundi, nao walimfuata kumwambia wachezaji waruke ukuta wa nyuma. Kocha akawauliza, "Uwanja huu ni wa nani?" Wakasema ni wetu. "Mtu anaruka ukuta wa nyumba yake akiwa mwizi au akiwa amefumaniwa. Ninyi mmefanya lipi?" Akaingia na wachezaji kwa lango kubwa, akampa mkono bawabu, tukashinda. Mimi nilifurahi sana, maana nilikuwa nimehutubia jambo hilo misikitini bila mtu kunisikia, na yeye alilimaliza kwa kutembea tu.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na shati moja la kijani ambalo halikufuliwa mpaka timu ifungwe. Msimu ule tuliokaa muda mrefu bila kufungwa, wachezaji wa akiba walikuwa wanasogea mpaka mwisho wa benchi. Nikamwambia, "Kocha, na hilo shati?"

"Hilo si ushirikina, Maalim. Hilo ni uvivu."

Chakula chetu alikizoea pole pole. Bi Somoe, anayeuza ming'oko ya kuchemsha nje ya uwanja, alimpa siku za mwanzo akaiangalia ile mizizi kama mtu aliyepewa kamba ale. Bi Somoe akamwambia, "Mwanangu, menya, chovya kwenye karanga, tafuna, nyamaza." Akafanya hivyo. Msimu wa pili alikuwa akichagua mwenyewe kwenye beseni, na wakigombana: yeye anataka minene, Bi Somoe anasema hiyo ni ya wateja. "Na mimi ni nani?" "Wewe ni wa nyumbani, wa nyumbani anakula iliyobaki." Alikuwa akienda na ming'oko yake akicheka, na huyo ni mtu ambaye kwenye mechi hukuyaona meno yake.

Alikuwa na misemo, na mmoja ndio uliokuja kumgeukia. Akiona mchezaji anataka kutoka kabla ya filimbi kwa kisingizio cha mguu, alimwambia, "Mtu hatoki shambani wingu likiwa limeshafunga." Maana yake, mvua ikikaribia ndipo mkulima anapotakiwa kumaliza kazi. Alimwambia hivyo hata kijana wa Chande. Chande aliupenda msemo ule, akaupeleka Mahurunga, ukawa unasemwa huko na watu ambao hawajawahi kumwona aliyeusema.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Msimu ule wa mwisho timu yetu ilikuwa inayumba, lakini ilikuwa haijaanguka. Zilibaki mechi chache, na zote watu waliamini Kocha atazivuka. Alikuwa amemwahidi Chande kwamba mechi za mwisho zikiisha, atakwenda Mahurunga kula wali wa mpunga mpya. Chande akamtenga jogoo. Hakumfuga tu, alimtambulisha: mgeni akifika kwake aliambiwa, "Yule pale ni wa Kocha, usimtupie jiwe."

Ijumaa ile alifanya mazoezi kama kawaida. Jumapili tukakaa jukwaani, timu zikapasha misuli, tukasubiri hodi. Aliyesimama kwenye benchi alikuwa msaidizi wake. Hakuna aliyekuja kwenye mstari. Refa akapiga filimbi mpira ukaanza, na sisi wazee tulikuwa bado tunaangalia upande ule anakotokea, kama watu waliosahau kwamba kuna mechi. Kijana mmoja nyuma yetu akasoma kwenye simu yake kwa sauti: Kocha ametangazwa na timu kubwa ya Dar es Salaam. Kulikuwa na picha, amevaa suti.

Tulifungwa siku ile, tukafungwa iliyofuata, tukashuka daraja.

Kila mji una maneno yake ya uchungu, na haya ndiyo yalikuwa yetu. Kule Mahurunga walisema Kocha mwenyewe ametoka shambani wingu likiwa limeshafunga. Chande alisimama nje ya uwanja akasema, "Gesi yetu imepita kwenye bomba kwenda Dar. Na Kocha naye kapita kwenye bomba hilo hilo. Sisi huku tumebaki na harufu." Watu walicheka, lakini si cheko la furaha. Bi Somoe alikuwa akimtetea: "Kwani alikuja kuoa hapa? Mtu kapata kazi kaenda. Nyie wenyewe watoto wenu wako wapi?" Kwenye makundi ya simu vijana waligombana mpaka wengine wakaondolewa. Mmoja aliandika kwamba ametuuza, mwingine akamjibu kwamba kabla yake hakuna redio iliyojua kututaja. Na wote wawili walikuwa wamesema kweli. Hilo ndilo lililotuumiza, kwamba hatukupata mtu wa kumlaumu moja kwa moja tukapumzika.

Mimi nilikuwa na langu. Kuondoka sikumlaumu, riziki ni ya Mungu na mtu huifuata. Lakini mtu aliyepiga hodi kila mara, kwa nini hakuaga hata siku moja? Katika pwani hii, mtu akisafiri huzunguka akiomba radhi kwa majirani, hata wale waliogombana. Anayeondoka kimya ni mwenye deni au mwenye hasira, na yeye hakuwa na lolote kati ya hayo kwetu. Nilitaka kujua kama tulikuwa nyumba aliyoishi au kituo alichoshukia akisubiri gari jingine. Swali hilo nilikaa nalo miaka. Niliswali, nilifundisha, nilizika wenzangu wa jukwaani mmoja baada ya mmoja, na bado kila mechi kabla ya filimbi macho yangu yalikwenda kwenye mstari ule.

Kijana wa Chande hakupangwa tena na makocha waliofuata. Alirudi Mahurunga kulima mpunga na korosho. Yule jogoo hakuchinjwa. Chande alikataa kumchinjia mtu mwingine, akamwacha azeeke. Akawa anawika mchana, akapofuka jicho moja, akafa mwenyewe. Chande alituletea habari ile jukwaani kama habari ya msiba, nasi tukampa pole bila kujua tucheke au tufanye nini.

Habari za Kocha tulizisikia redioni. Timu kubwa ilimfukuza mapema. Akaenda nyingine, na nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Wako waliofurahi. Mimi nilikuwa nikizima redio.

Mpaka msimu huu uliopita, timu aliyokuwa akifundisha ikapangwa kuja kwetu, katika daraja hili la chini tuliloshukia sisi, naye kalishukia kwa njia yake.

Chande alifika mapema siku ile. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Alipita safu ya wazee mmoja mmoja: "Sikilizeni. Akija kupiga hodi, asijibu mtu. Umesikia, Maalim? Asijibu mtu."

"Na asipokuja?" nikamuuliza.

Akaikung'uta kanzu yake. Nikaona kwamba hilo ndilo lililomvisha kanzu ya Idi.

Basi la wageni liliingia kwa lango kubwa. Alishuka wa mwisho. Mvi zimemjaa, anachechemea mguu mmoja, kapelo ni nyingine. Akampa mkono bawabu. Timu zikapasha misuli. Kisha tukamwona anaukata uwanja kuja upande wetu, pole pole, na uwanja ukapungua kelele, safu kwa safu. Akafika kwenye mstari, hakuukanyaga.

"Hodi, wazee."

Hakuna aliyejibu.

Wanafunzi wangu wa madrasa wanalijua hili kabla hawajajua kusoma vizuri: hodi ni mara tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka, wala huna haki ya kukasirika. Kocha aliijua desturi hiyo, nilimweleza mwenyewe siku moja tukila ming'oko.

"Hodi, wazee," akasema mara ya pili, sauti ya chini zaidi.

Nikamtazama Chande. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Kocha alisubiri. Aliivua kapelo, akaishika kwa mikono miwili. Mimi ulimi wangu ulikuwa tayari, Mungu ananishuhudia, lakini niliona jibu lile si langu.

"Hodi."

"Karibu!" Chande akasimama wima. "Karibu! Na jogoo wako kafa!"

Kocha akainamisha kichwa. "Poleni na msiba."

Jukwaa likalipuka. Watu walicheka mpaka wakapigana mabega, na katika kucheka kule niliona wazee wazima wakipangusa macho kwa pembe za kanzu. "Naomba ruhusa timu zicheze," akasema. Tukampa. Akatufunga bao moja, na sikumbuki hata lilifungwaje. Kijana mmoja alisema, "Hata kutufunga anajua." Alisema kwa fahari.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa hakwenda kwenye basi. Alirudi kwenye mstari.

"Wazee, naomba ruhusa niondoke."

"Ya leo au ya siku ile?" Chande akauliza.

"Zote mbili."

Hili ndilo neno tulilolingoja miaka yote ile, na lilipofika hakuna aliyetaka kulipokea. Maana mtu akishapewa ruhusa, anaondoka. Basi la wageni likapiga honi nje. Chande akakaa chini, akakunja mikono.

"Hupewi. Mpaka ule Mahurunga."

Kocha akaangalia lango, akaangalia sisi. Kisha akavuka ule mstari, mara ya kwanza tangu tumjue, akapanda jukwaani, akakaa kwenye saruji kati yangu na Chande. Honi ikapigwa tena. Akampungia dereva mkono aende.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote watatu kwa bajaji. Njiani nikamuuliza, kwa kuwa niliona nisipouliza pale nitakufa nalo: "Kocha, kwa nini hukuaga?"

"Kwa sababu mngenipa ruhusa, Maalim. Mngekasirika kidogo, halafu mngeniombea dua. Ningewezaje kuondoka na dua zenu huku nawaacha mnazama? Niliona afadhali niondoke na hasira zenu. Ndizo nilizostahili."

"Dua nilikuombea vilevile," nikamwambia.

Akageuza uso upande wa mikorosho, akawa anaiangalia muda mrefu.

Mahurunga walichinja mjukuu wa yule jogoo. Kijana wa Chande, ambaye sasa ana watoto wake, alikuja na maji ya kunawa. Kocha alimwita, "Mahurunga!" na kwa kuwa kule ni Mahurunga kwenyewe, watu waligeuka mpaka barabarani. "Mguu wa kushoto upo?"

"Upo, Kocha. Unalima."

"Sawa," Kocha akasema, na yule kijana akacheka kwa namna ambayo nilijua alikuwa akilisubiri neno hilo.

Tulikula wali wa mpunga mpya. Baada ya kunawa Kocha alisimama, akasema mbele ya mke wa Chande, watoto na majirani: "Naomba ruhusa niende. Na mniwie radhi." Chande alinitazama mimi, nami sikumsaidia. Akamshika Kocha mkono, hakuuachia upesi.

"Radhi unayo. Nenda, Mungu akutangulie. Lakini ukirudi tena, usipige hodi. Ingia."

Tangu siku ile hajarudi. Nasikia amepata timu mbali, kule ziwani. Chande ametenga jogoo mwingine, na mimi kila mechi, kabla ya filimbi, bado naangalia kwenye mstari wa pembeni, ingawa najua kwamba akija sasa hatasimama pale.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie kila mlango utakaougonga uwe na mtu wa kukuitikia kabla ya mara ya tatu. Akupe ulimi wa kuaga ukiwa bado na nafasi, na wale walioondoka kwako kimya awarudishe salama, au akupe moyo wa kuwaombea huko waliko. Amina.